Tembo Wameingia Shambani: Mwongozo Kamili wa Kudai Kifuta Jasho na Msaada wa Maafa kwa Mkulima wa Dodoma

Uwele ukianza kukaza punje na mtama ukianza kupinda shingo, ndipo tembo wanapokuja. Kwa sisi wa Chemba, Kondoa, Bahi na upande wa Manyoni, hili si jambo la kusimuliwa. Wanatoka Swagaswaga, wanatoka Mkungunero, wengine wanapanda kutoka mapori ya Muhesi, Kizigo na Rungwa. Wanaingia watu wakiwa wamelala, na kabla jogoo hajawika jasho la msimu mzima limekwisha.

Mama yangu mdogo alipoteza karibu ekari tatu za uwele kwa usiku mmoja. Asubuhi yake alifanya ambacho mkulima yeyote angefanya. Aliita watoto, wakaokota masuke yaliyosalia, wakakata mabua yaliyolala wakawapa ng'ombe, na kufikia jioni shamba lilikuwa jeupe. Afisa alipofika siku ya tisa alikuta shamba lililovunwa. Hakuandika kitu, na kwa haki hakuwa na cha kuandika. Tangu hapo nimekuwa nikiwaandikia majirani barua na kuwasindikiza ofisini, na nimeona kwamba madai mengi hayafii wizarani. Yanafia shambani, katika siku mbili tatu za mwanzo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu siku hizo.

Ujue kwanza unadai nini

Wengi huingia ofisini wakisema "nimekuja kudai fidia", na mazungumzo huharibika hapohapo. Serikali hailipi fidia kwa mazao yaliyoliwa na wanyamapori. Inalipa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa. Msingi wake ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 na kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2011. Jina lenyewe linajieleza: jasho linafutwa, halilipwi. Mimi naona kiasi chenyewe ni kidogo mno ukikilinganisha na gunia zilizopotea, na wabunge wa maeneo yanayopakana na hifadhi wamelipigia kelele bungeni mara nyingi. Lakini kidogo hicho ndicho karibu fedha taslimu pekee ambayo mkulima wa huku anaweza kuidai serikalini kwa kanuni iliyoandikwa baada ya shamba lake kuharibiwa. Ukame, mafuriko na kwelea, wale ndege wadogo wanaovamia nafaka kwa makundi, vina njia nyingine, na msaada wake huja zaidi kama chakula au mbegu. Nitafika huko.

Wanyama wanaohusika ni wale ambao sheria inawaita wanyama hatari: tembo, nyati, kiboko, faru, simba, chui, mamba. Kwa mazao, huku kwetu maana yake ni tembo, na kando ya mito na mabwawa ni kiboko. Nyani na ngedere wanaomaliza mahindi mabichi hawamo, hata kama hasara yao inauma vilevile. Kwelea nao hawamo.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Shamba lililo ndani ya mita 500 halilipwi. Kuanzia mita 500 hadi kilomita 1 ni shilingi 25,000 kwa ekari. Kilomita 1 hadi 4 ni 50,000. Kilomita 4 hadi 5 ni 75,000. Zaidi ya kilomita 5 ni 100,000. Na zote hizo mwisho wake ni ekari tano. Viwango hivyo vimefanyiwa mapitio baadaye, kwa hiyo swali lako la kwanza kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya liwe: kiwango kinachotumika sasa ni kipi? Muundo wa umbali na ekari ndio unaopaswa kuuelewa, maana mabishano mengi yanatokea hapo.

Tuseme una ekari nane na tembo wamelaza sita. Utahesabiwa tano. Kwa viwango vile vya 2011, kama shamba liko kilomita 6 kutoka mpaka ni shilingi 500,000. Shamba hilohilo likiwa kilomita 2 ni 250,000. Likiwa mita 300, hakuna kitu. Wakulima wanaona ajabu kwamba aliye karibu zaidi na tembo ndiye anayepata kidogo, lakini kanuni inamtazama kama mtu aliyesogea mpakani akijua. Aliyelima ndani ya hifadhi, au kwenye shoroba wanamopita wanyama, amejifungia mlango mwenyewe. Usimshauri jirani yako apoteze nauli kwa dai la namna hiyo. Mwambie ukweli mapema.

Kabla ya msimu: karatasi zako

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na kazi hii inafaa kumalizika kabla jembe halijaingia ardhini. Hakikisha una namba ya NIDA, ile yenye tarakimu 20, na kwamba majina yake yanafanana herufi kwa herufi na majina ya akaunti yako ya benki au laini ya simu yako. Nimeona mtu ameandikwa "Mazengo" kwenye fomu na "Mazengho" benki. Pesa ilirudi ilikotoka, na kuirudisha kulichukua muda kuliko dai lenyewe.

Pili, jiandikishe kwenye daftari la wakulima kwa Mtendaji wa Kijiji. Usajili huu ulishika kasi msimu wa 2022/23 kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, na wengi wa Dodoma waliupuuza kwa sababu uwele na mtama wetu tunaupanda bila mbolea ya dukani. Jiandikishe hata kama hununui mfuko mmoja. Ni kumbukumbu ya serikali inayosema wewe ni mkulima, wa kijiji fulani, mwenye ekari kadhaa. Na uandike ekari za kweli. Aliyejiandikisha ana ekari mbili kisha akadai tano atapata kazi kubwa kueleza.

Tatu ni ushahidi wa shamba. Hati ya hakimiliki ya kimila ndiyo bora. Kama kijiji chenu hakijafikiwa, barua ya serikali ya kijiji inayotaja mipaka na majirani zako wa pande nne inasaidia. Unayelima shamba la kukodi, andikishianeni na mwenye ardhi mbele ya Mwenyekiti wa Kitongoji kwamba mazao ni yako. Hili nalisisitiza hasa kwa akina mama. Shamba liko kwa jina la mume, mume yuko mjini miaka minne, anayepanda, anayepalilia na anayelinda ndege ni mke. Siku ya tathmini jina linaloandikwa ni la mume, na pesa inakwenda kwenye simu ya mume. Mwenye mazao ndiye mwenye madai. Liwekeni sawa kwa maandishi mapema, wakati wote mna furaha.

Ukishapanda, piga picha ya shamba ikiwa na kitu kisichohama: mbuyu, kilima, nyumba, bomba la maji. Piga tena mazao yakiwa yamefika kiunoni.

Asubuhi ya maafa

Usiku wenyewe usitoke na mwenge kupambana nao, hasa ukiona kundi lina watoto. Piga kelele kutoka mahali salama, piga madebe, mpigie simu askari wa wanyamapori wa kijiji. Kumjeruhi au kumuua tembo ni kosa kubwa la jinai, na dai lako linageuka kesi yako.

Kukipambazuka, usivune, usifyeke, usiingize mifugo. Najua ni agizo gumu. Masuke yako chini, mchwa wanaanza, na ng'ombe wa jirani wanatazama. Ukiweza kupata kiongozi wa kukagua siku hiyohiyo, vuna kesho yake. Usipompata, acha angalau upande mmoja ulioharibika vibaya bila kuguswa, na kabla ya kugusa uliobaki hakikisha Mwenyekiti wa Kitongoji na majirani wawili wameuona na wako tayari kuandika majina yao.

Halafu picha. Hazihitaji simu ya bei, zinahitaji mpangilio. Simama kila kona ya shamba upige kuelekea katikati. Piga unyayo wa tembo ukiwa umeweka kandambili pembeni, ili ukubwa wake uonekane. Piga kinyesi, piga mabua yaliyovunjwa kwa karibu, piga njia waliyoingilia na waliyotokea. Piga moja ukiwa umesimama shambani mwenyewe, na nyuma yako kile kitu kisichohama ulichokipiga wakati wa kupanda. Kama simu yako ni ya tochi, azima ya kijana yeyote. Zitume siku hiyohiyo kwa WhatsApp kwa mtu mwingine unayemwamini, maana simu zinapotea, zinaanguka majini, na picha zilizotumwa hubaki na tarehe yake.

Kupima ekari bila kubishana

Ekari yetu ya kijijini ni hatua 70 kwa 70 za mtu mzima. Ni makadirio mazuri, kwa sababu ekari kamili ni kama mita 64 kwa 64, na hatua ya mtu mzima anayetembea kwa bidii haifiki mita moja. Pima eneo lililoharibika, si shamba zima. Tembo hawali kwa mistari. Wanaacha viraka. Kwa hiyo gawa shamba vipande, pima kila kiraka urefu kwa upana, zidisha, kisha jumlisha na kugawa kwa 4,900, ambazo ndizo hatua za mraba za ekari moja. Kiraka cha hatua 50 kwa 49 ni 2,450, yaani nusu ekari. Andika kwenye daftari pamoja na mchoro mdogo wa shamba.

Shamba lenye mtama na kunde ndani yake linahesabiwa mara moja. Usiandike ekari mbili za mtama na ekari mbili za kunde juu ya ardhi ileile. Afisa ugani atalitambua haraka, na baada ya hapo hataamini hata yale ya kweli.

Umbali kutoka mpaka wa hifadhi nao uutafute mwenyewe kabla hujaambiwa. Simu janja yoyote inaweza kutoa namba za mahali ulipo kutoka programu ya ramani. Ziandike ukiwa katikati ya shamba, kisha uliza bikoni ya karibu ya hifadhi iko wapi. Tofauti ya kilomita 3.8 na 4.2 inaonekana ndogo, lakini kwa ekari tano ni pesa ya mbegu ya msimu ujao.

Taarifa: siku hiyohiyo, na kwa maandishi

Anza kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, kisha nenda kwa Mtendaji wa Kijiji siku hiyo au kesho yake asubuhi. Usiridhike na "nimesikia, nitawaambia wilayani". Mtendaji ana nia njema, lakini ana michango ya shule, ana vikao, ana kesi za mipaka. Mpe barua nakala mbili, akugongee mhuri na tarehe kwenye nakala yako. Mhuri ule ndio unaothibitisha kwamba uliripoti kwa wakati, hata kama tathmini itachelewa. Mfano wa barua nimeuweka mwishoni.

Kutoka kijijini taarifa hupanda kwa Mtendaji wa Kata na kwa Afisa Wanyamapori wa halmashauri. Kama mpo mlioathirika kumi, pelekeni orodha moja yenye majina yote, pamoja na barua za kila mmoja. Gari la halmashauri hutoka kwa urahisi zaidi kwa wakulima kumi kuliko kwa mmoja. Kituo cha karibu cha TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, nacho kipigieni simu. Wao ndio wanaosimamia mapori ya akiba kama Swagaswaga na Mkungunero, na askari wao wanaweza kuja kuwasukuma wanyama warudi, jambo ambalo ni muhimu kuliko hizo hela.

Tembo wakirudi usiku wa tatu, na mara nyingi hurudi, hilo ni tukio jipya. Ripoti tena, pima tena, barua tena. Ukinyamaza, tathmini itahesabu usiku mmoja tu.

Siku ya tathmini

Wanaokuja kwa kawaida ni afisa ugani na mtu wa wanyamapori, wakiwa na kiongozi wa kijiji. Uwepo mwenyewe. Kama unaumwa, tuma mtu mzima wa nyumbani anayeijua mipaka, si mtoto. Wakikuta umeshapima na una mchoro, kazi yao inakuwa nyepesi na wengi watakuheshimu kwa hilo. Tembeeni wote shamba zima.

Kabla hujaweka sahihi au dole gumba kwenye fomu, isome. Huwezi kusoma, mwombe mtu wako akusomee kwa sauti mbele yao. Angalia mambo haya: majina kama yalivyo kwenye NIDA, kijiji na kitongoji, aina ya zao na hatua lililofikia, aina ya mnyama, tarehe ya tukio, ekari zilizoharibika, umbali kutoka mpaka, namba ya akaunti au simu. Usisaini fomu iliyo wazi hata kwa mtu unayemheshimu. "Tutajaza ofisini" ndiyo sentensi iliyowagharimu majirani zangu wengi. Fomu ikishajazwa, ipige picha. Ukiwa na nafasi, nenda ukatoe kopi, lakini picha inatosha kukulinda.

Hakuna ada. Fomu haiuzwi, tathmini hailipiwi, na hakuna asilimia ya kumwachia mtu "ili faili litembee". Akitokea anayedai, mwulize jina na cheo kwa upole, kisha piga TAKUKURU kwa 113, ni bure. Na upande wetu pia tuwe safi. Ekari za hewa zinazoongezwa na mkulima mmoja zinafanya kijiji kizima kitiliwe shaka mwaka unaofuata, na anayeumia ni yule bibi aliyepoteza ekari moja ya kweli.

Baada ya fomu kuondoka

Hapa ndipo subira inapohitajika, lakini si subira ya kulala. Faili linapita kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, linakwenda Wizara ya Maliasili na Utalii, na fedha zikitoka hurudi kwa waathirika. Inachukua miezi, na wapo waliosubiri zaidi ya mwaka. Jambo la kuuliza halmashauri, baada ya kama mwezi mmoja, ni moja: madai ya kijiji chetu yamekwenda wizarani kwa barua ya kumbukumbu namba ngapi, ya tarehe gani? Ukipata namba hiyo umepata mkono wa kushikia. Bila namba, kila ofisi itakuelekeza nyingine. Bahati yetu watu wa Dodoma ni kwamba wizara iko hapahapa, Mji wa Serikali Mtumba. Mkulima wa Tunduru hana fursa hiyo. Kijiji kinaweza kumchangia nauli mtu mmoja anayejieleza vizuri aende na orodha na ile namba.

Diwani na mbunge pia wanafaa, lakini wape karatasi, si malalamiko. Mbunge aliyeshika orodha ya majina 40, ekari, tarehe na namba ya barua anaweza kuuliza swali lenye meno. Aliyeambiwa tu "wananchi wanateseka" atasema hivyohivyo bungeni na kukaa chini.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, ombeni madai ya wanyamapori yawe ajenda ya kudumu. Mtendaji asome: yaliyopokelewa, yaliyotathminiwa, yaliyotumwa, yaliyolipwa. Muhtasari uandikwe.

Ukame na mafuriko ni njia nyingine kabisa

Mvua ikikatika Januari au Februari na mtama ukakauka, usitafute fomu ya kifuta jasho. Hakuna malipo kwa ekari. Mambo haya yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, inayoratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia kamati za maafa kuanzia kijiji, kata, wilaya hadi mkoa. Kinachokuja ni chakula, mbegu, na kwa mafuriko ni mahema, blanketi na huduma za haraka. Desemba 2023, maporomoko ya tope yalipoipiga Katesh kule Hanang, tuliona mnyororo huo ukifanya kazi kwa kasi kwa sababu taifa zima lilikuwa linatazama. Ukame haupigwi picha. Unakuja polepole, kaya moja baada ya nyingine, na kijiji kisipoandika hakuna atakayejua.

Kinachofungua mlango ni tathmini ya hali ya chakula. Nchi ina mfumo wa uchambuzi wa uhakika wa chakula na lishe unaojulikana kama MUCHALI, na wataalamu hutegemea takwimu zinazotoka chini: ekari zilizopandwa, zilizokauka, akiba ya kaya, bei ya debe la mahindi mnadani, hali ya mifugo. Kwa hiyo jambo la kufanya mvua ikisimama wiki tatu ni kumtaka afisa ugani na serikali ya kijiji waandike taarifa ya kitongoji kwa kitongoji na kuipeleka kata, nakala kwa wilaya, wakati mashamba bado yanaonekana. Taarifa ya Agosti kuhusu ukame wa Februari inafika wakati watu wameshauza mbuzi.

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ndiye anayetoa mahindi ghalani. Mara nyingine huuzwa kwa bei nafuu, na msimu wa 2022/23 bei za chakula zilipopaa huku kwetu wengi walipanga foleni. Mara nyingine kaya zisizojiweza hupewa bure. Ni vitu viwili tofauti, uliza ni kipi kimekuja kijijini kwenu. Orodha ya kaya za bure ipitishwe na mkutano wa kijiji, isomwe hadharani, ibandikwe ofisini. Sisi Wagogo tumelelewa na habari za Mtunya, njaa ya miaka ya 1918 hadi 1920, na kwa malezi hayo wengi wanaona aibu kutajwa kwenye orodha ya wenye njaa. Mzee anayekaa peke yake hatakuja kujiandikisha. Balozi wa nyumba kumi aende kwake.

Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, iendelee kupokea ruzuku yake. Msaada wa maafa hauondoi haki hiyo, na mtu akikwambia uchague kimoja, mwombe akuonyeshe maandishi.

Kwelea, kwa kifupi

Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja ni tani 10 kila siku. Hakuna malipo. Kuna ndege ya kunyunyizia sumu, na inafanya kazi pale tu mahali wanapolala panapojulikana. Ukiona wanaelekea upande mmoja jua likizama, fuatilia, tafuta kichaka au bwawa la matete wanamolala, mpe afisa ugani maelezo ya mahali hapo siku hiyohiyo. Shamba ulilowaona mchana halimsaidii rubani. Baada ya kunyunyiza, msiokote ndege waliokufa kwa kitoweo.

Bima

Kuanzia 2023 kampuni za bima nchini zimeunda umoja wa kukatia bima ya kilimo, chini ya usimamizi wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Kwa mkulima wa uwele mmojammoja bado ni vigumu, lakini kwa kikundi au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya alizeti au zabibu inafaa kuulizia kabla ya Novemba. Uliza swali moja kwa makini: malipo yanatokana na ukaguzi wa shamba langu, au na kipimo cha mvua cha eneo zima? Kama ni kipimo cha eneo, shamba lako linaweza kukauka usilipwe, na jirani aliyevuna akalipwa.

Mfano wa barua

Andika kwa mkono, karatasi ya daftari inatosha. Nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa na mhuri.

*[Jina lako kamili kama kwenye NIDA]*
*[Namba ya NIDA, namba ya simu]*
*Kitongoji cha ............, Kijiji cha ............*
*Tarehe ............*

*Mtendaji wa Kijiji,*
*Kijiji cha ............, Kata ya ............*

*YAH: TAARIFA YA MAZAO KUHARIBIWA NA TEMBO NA OMBI LA TATHMINI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Usiku wa kuamkia tarehe ............ tembo wapatao ............ waliingia katika shamba langu lililopo ............, linalopakana na (kaskazini) ............, (kusini) ............, (mashariki) ............ na (magharibi) ............*

*Shamba lina ukubwa wa ekari ............, lilipandwa zao la ............ tarehe ............, na lilikuwa limefikia hatua ya ............ Kwa vipimo vyangu, eneo lililoharibiwa ni ekari ............ Shamba liko takribani kilomita ............ kutoka mpaka wa hifadhi ya ............*

*Tukio limeshuhudiwa na Mwenyekiti wa Kitongoji pamoja na majirani ............ na ............ Nina picha zilizopigwa asubuhi ya tukio, na sehemu ya shamba nimeiacha bila kuguswa kwa ajili ya ukaguzi.*

*Naomba taarifa hii ifikishwe kwa Afisa Wanyamapori na Afisa Ugani ili tathmini ifanyike mapema kwa ajili ya kifuta jasho kwa mujibu wa kanuni.*

*Wako mtiifu,*
*Sahihi / dole gumba*

*Mashahidi: majina na sahihi*
*Nakala: Mtendaji wa Kata, Afisa Wanyamapori wa Wilaya*

Sentensi inayosema sehemu ya shamba imeachwa bila kuguswa usiiandike kama si kweli, maana ndicho kitu cha kwanza watakachokitazama wakishuka kwenye gari.